Kumfadhili Kuku wa Mayai Shambani Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shamba letu ni dogo, limebanwa katikati ya majengo, na kuku wake hawajafika mia. Wanaowatunza ni vijana wa miaka 14 hadi 19 wanaokuja kabla na baada ya masomo. Mfadhili huchangia matunzo ya kuku, na kwa mlango huohuo huchangia mafunzo ya vijana hao. Maswali haya tumeyaokota kwenye barua, kwenye simu na kwenye mazungumzo ya getini. Mengine tumeulizwa hadi tumeyazoea. Mengine tuliulizwa mara moja tu, lakini yalitukosesha usingizi.

Nikimfadhili kuku, anakuwa wangu?

Hapana. Kuku anabaki mali ya shamba. Unachopata ni namba ya pete yake ya mguuni, barua nne kwa mwaka kutoka kwa vijana wanaomtunza, na haki ya kutuuliza lolote, hata lile usilopenda jibu lake.

Kuna mtu aliwahi kutupigia simu mwisho wa mwaka akitaka kujua aje lini kumchukua kuku wake, maana ana sherehe. Tulicheka, kisha tukaenda kulisoma tangazo letu upya. Lilikuwa limeandikwa "Jipatie kuku." Kosa lilikuwa letu, na tangazo tukalibadilisha.

Tuseme na hili mapema: kuku mmoja anaweza kuwa na wafadhili wawili au watatu. Mchango wa mtu mmoja hautoshi kumlisha kuku na kumfundisha kijana kwa wakati mmoja. Ukikutana na mtu mwingine mwenye namba ileile ya pete, hamjatapeliwa. Salimianeni.

Fedha zangu zinakwenda wapi hasa?

Kwanza tumboni. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Zidisha kwa siku 365 utapata kilo 40 na kitu kwa mwaka, yaani gunia la kilo 50 ambalo halijajaa sawasawa. Katika ufugaji wa kuku wa mayai, chakula peke yake humeza kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zote, ndiyo maana kila bei ya mahindi au soya inapopanda sisi huwa wa kwanza kujikuna kichwa.

Tena si chakula chochote tu. Kuku wa mayai anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18 na chokaa nyingi, kwa sababu ganda la kila yai hubeba karibu gramu 2 za kalisiamu. Asipoipata kwenye chakula ataichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Tuliwahi kubana matumizi kwa kuchanganya chakula wenyewe bila kupima chokaa vizuri, na kwa muda wa wiki chache tukawa tunaokota mayai yenye ganda laini kama karatasi iliyolowa. Yalivunjika mkononi. Hatukurudia.

Baada ya chakula kuna chanjo, maranda ya kutandaza bandani, misumari, wavu na taa. Kisha wanakuja vijana wenyewe: buti, glavu, madaftari, nauli kwa wanaotoka mbali, na malipo ya mwalimu wa mifugo.

Fedha zote huingia chungu kimoja. Tungegawa kwa kuku mmojammoja, yule mwekundu mwenye mkia wa madaha, ambaye kila mgeni humpiga picha, angeshiba peke yake na wenzake wangelala njaa.

Wazo hili mlilitoa wapi?

Halikuanza kwetu. Mwaka 1944 Mmarekani Dan West na wenzake walianza kuwapelekea mitamba watu waliofilisika kwa vita na umaskini, wa kwanza wakaenda Puerto Rico. Aliyepewa mtamba alitakiwa naye atoe ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Upande wa vijana ni wa zamani zaidi: mwaka 1902 A. B. Graham, mwalimu wa Ohio huko Marekani, aliwakusanya watoto wa shule kwenye klabu ya kilimo, na klabu za aina hiyo ndizo zilizokuja kuwa mtandao wa vijana uitwao 4-H. Sisi tumechukua kipande huku na kipande kule. Tofauti ni kwamba mtamba wa West alihama kutoka mkono hadi mkono, kuku wetu hahami. Anayehama ni kijana, akishamaliza mafunzo.

Kwa nini kuku? Kwa nini msifuge mbuzi, au mkalima mboga tu?

Mboga tunalima. Lakini bustani ukiisahau siku mbili hukusamehe, ukimwagilia siku ya tatu inainuka. Kuku ukimsahau siku mbili bila maji, siku ya tatu unachimba shimo. Kijana hulijua hilo wiki ya kwanza, na hakuna mhadhara wetu ambao ungemwingia kiasi hicho.

Halafu kuna nafasi. Kwenye banda la sakafu ya maranda, mita moja ya mraba inabeba kuku wanne, watano kwa kubana. Mbuzi mmoja anataka zaidi ya hapo, na kelele zake majirani hawazisamehi.

Na kuna muda. Kuku huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 22. Kijana aliyekabidhiwa kifaranga cha siku moja, akakaa nacho chini ya taa ya joto, ataokota yai lake la kwanza kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Yai la kwanza huwa dogo, saa nyingine lina doa la damu kwenye ganda. Tumeona kijana mrefu wa miaka 17, mwenye sauti nzito, akilibeba yai la namna hiyo kwa viganja viwili kutoka bandani hadi ofisini kama mtu aliyebeba maji.

Vijana wanafanya nini kila siku?

Wanakuja wawiliwawili, saa kumi na mbili asubuhi. Kazi ya kwanza ni kusimama nje ya banda na kusikiliza bila kufungua. Kuku wenye afya wana mlio wao wa asubuhi, wa kunung'unikanung'unika. Ukisikia mkoromo au chafya, au ukikuta kimya, unamwita mtu mzima kabla ya kugusa komeo.

Ndani wanaanza na maji, si chakula. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa kile anachokula, na siku za joto huzidisha. Akikosa maji nusu siku tu, mayai hupungua. Vyombo vinasuguliwa, havisuuzwi tu. Kisha wanainama kutazama kinyesi, kazi ambayo hakuna anayeipenda mwezi wa kwanza na ambayo baadaye wanabishania. Kinyesi chenye kofia nyeupe ni cha kawaida. Chenye damu kinaweza kuwa dalili ya koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na huo haungoji jioni.

Mayai huokotwa mara tatu kwa siku. Yakiachwa kiotani, kuku mmoja atalikanyaga moja, mwenzake ataonja, na kuku akishajifunza kula yai kumwachisha ni kazi kubwa.

Mara moja kwa wiki wanawakamata na kuwapima mmojammoja. Mkono mmoja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, kichwa kimeelekea nyuma ya kwapa. Kwa mkono wa pili kijana anatafuta ile mifupa miwili myembamba karibu na njia ya kutagia. Nafasi kati yake ikitosha vidole viwili au vitatu, kuku anataga. Ikitosha kidole kimoja, amesimama. Anatazama na upanga wa kichwani: mwekundu na laini ni dalili njema, uliopauka na kusinyaa unaandikwa daftarini.

Daftari ndilo moyo wa kazi. Lina safu za tarehe, mayai, chakula, maji na maoni. Mayai 51 kutoka kwa kuku 68 ni asilimia 75 ya utagaji, na wapo wanaokimbia hesabu darasani ambao hapa wanaitoa hiyo kichwani huku wamebeba ndoo. Safu ya maoni ndiyo ninayoanza kuisoma mimi. Siku moja binti mmoja aliandika: "Namba 14 amenuna." Tulimtenga namba 14 tukamchunguza. Chini ya mbawa alikuwa amejaa utitiri.

Hii si kuwatumikisha watoto?

Swali zuri, na wanaouliza tunawaheshimu kuliko wasiouliza. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unatenganisha ajira ya mtoto na kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Namba 182 wa mwaka 1999 unakataza kazi zenye hatari. Tumejiwekea masharti tukiiangalia hiyo miwili.

Aliye chini ya miaka 18 hagusi dawa ya wadudu wala dawa ya kuulia vijidudu. Hachinji. Habebi gunia zima peke yake. Zamu ya asubuhi haizidi saa moja, na wakati wa mitihani watu wazima ndio wanaofungua banda. Kijana akishuka alama shuleni tunamwita yeye na mlezi wake, tunapunguza zamu. Mzazi mmoja alituomba tufanye kinyume, tumwongezee mwanawe kazi kama adhabu. Tulikataa. Banda si gereza.

Waliomaliza miezi sita ya kwanza hupata posho kutokana na mauzo ya mayai. Si nyingi. Kila mwezi hesabu ya mauzo hubandikwa ukutani ili wajue imetoka wapi, na wakihisi imepungua wanauliza, tena kwa sauti.

Kuku wanaishi kwenye vizimba?

Hapana. Wana sakafu ya maranda, fito za kulalia, na kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, ingawa utakuta wanane wamepanga foleni mbele ya kiota kimoja na vingine vitupu. Nje wana ua wenye wavu pembeni na juu, kwa sababu ya mwewe. Kwenye ua kuna kona ya mchanga mkavu na majivu wanamooga. Ukimwona kuku amelala ubavu, mguu mmoja juu, macho nusu yamefumba na vumbi linaruka, usitupigie simu kwamba anakufa. Anaoga. Ndiyo njia yake ya kupunguza chawa na mafuta kwenye manyoya.

Ila hawazururi mtaani. Anayetaka kuwaona wakichakura barabarani atatuvumilia, kuna magari.

Mna jogoo?

Hatuna. Kuku hutaga bila jogoo. Kinachokosekana ni kifaranga ndani ya yai, na sisi vifaranga tunanunua.

Barua inasema mayai yamepungua. Kuku wangu ana nini?

Pengine hana kitu. Yai moja huchukua kati ya saa 24 na 26 kutengenezwa, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa ni ganda. Kwa hiyo aliyetaga leo saa tatu atataga kesho saa nne, keshokutwa saa sita, hadi muda umpite na apumzike siku nzima. Hakuna kuku wa yai kila siku ya mwaka, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Ziko sababu nyingine. Mwanga: kuku hutaka saa 14 hadi 16 za mwanga, na siku zikiwa fupi hupunguza au kuacha, labda umwongezee taa. Joto: mwili wake una nyuzi 41 hivi, hana jasho, anajipooza kwa kuhema mdomo wazi, na kuku anayehema hali vizuri. Woga: mbwa akipita mara moja kwenye wavu usiku, kesho yake daftari linaonyesha. Kuatamia: kuna wale wanaoamua kulalia viota vitupu, wamevimba, wanakudonoa ukiwagusa, na hawatagi hadi wazimu huo uwatoke.

Kubwa kuliko zote ni kunyonyoka manyoya. Hutokea karibu mara moja kwa mwaka na huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Manyoya ni protini karibu yote, na mwili hauwezi kushona nguo mpya na kutengeneza mayai kwa pamoja. Kuku anakuwa mbaya wa sura, shingo wazi, mkia hakuna. Wafadhili wanaokuja kumtembelea wakati huo huwa wanadhani tunamtesa. Tunamwongezea protini na kumwacha.

Na hapa lazima tukiri jambo. Kuku watano wakiingia kiota kimoja, hatuwezi kujua kwa hakika yai lipi ni la nani. Takwimu unazopewa ni za kundi zima. Zamani barua zetu zilikuwa zinasema "kuku wako ametaga mayai kadhaa mwezi huu," na kijana mmoja ndiye aliyetuuliza, "Mwalimu, hii tumeijuaje?" Tuliifuta sentensi hiyo.

Kuku wangu akifa mtaniambia?

Ndiyo, na tutakuambia amekufa kwa nini kama tumejua. Tunajua wapo wanaomweka mwingine wa rangi ileile na kuendelea na barua kama kawaida. Hatutaki, kwa sababu barua inaandikwa na kijana, na hatuwezi kumfundisha kuandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Wengi hufa kwa magonjwa. Tunachanja dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, dhidi ya gumboro na ndui ya kuku. Mdondo hauna tiba. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kufagia karibu wote ndani ya siku chache, ndiyo maana tarehe za chanjo zimeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango na hazisogezwi kwa sababu ya sikukuu wala mvua.

Lakini hasara iliyotuuma zaidi haikuwa ugonjwa. Jioni moja vijana wawili wa zamu walifunga kazi, kila mmoja akidhani mwenzake amelisukuma komeo. Usiku kicheche akaingia. Asubuhi tulikuta kuku kumi na mmoja, wengi hawakuliwa, wameng'atwa shingo tu na kuachwa. Tuliwaandikia wafadhili wote wa kuku wale, tukasema mlango haukufungwa. Hatukutaja jina la mtu. Wawili waliacha kuchangia, na mmoja aliandika maneno makali ambayo tuliona hayakuwa na kosa.

Yule mdogo kati ya wale wawili hakuonekana kwa siku nne. Siku ya tano alikuja, akasema bandani hataki tena kuingia. Hatukumlazimisha. Sasa yuko kwenye mboji, na anaiweza. Komeo tulibadilisha, na tangu hapo wanaofunga husema kwa sauti, mmoja "Nimefunga," mwenzake anavuta mlango na kujibu "Nimevuta." Wageni hudhani ni mchezo.

Akizeeka, akaacha kutaga?

Hili ndilo swali linalotupotezea wafadhili, basi tulijibu bila kuzungusha. Mwaka wa kwanza ndio wa neema. Baada ya hapo mayai hupungua kila mwaka, ingawa kuku mwenyewe anaweza kuishi miaka mitano, minane, hata zaidi. Tungewatunza wote hadi kifo, baada ya miaka michache tungekuwa na nyumba ya wazee na hakuna posho wala buti.

Kwa hiyo wakifika karibu miaka miwili na nusu huuzwa. Baadhi hununuliwa na watu wa kufuga uani, wengine huchinjwa na mtu mzima mwenye ujuzi. Vijana huelezwa siku ile walipowapokea wakiwa vifaranga, si siku ya mwisho. Hakuna anayelazimishwa kutazama. Nawe tunakuuliza mwezi mmoja kabla: uhamie kwa kuku mpya, au tuishie hapo kwa shukrani.

Mimi binafsi naona ni haki zaidi kuliko kuficha. Mwenzangu ofisini hakubaliani nami, na tumeacha kubishana.

Kuna mmoja aliyeponea chupuchupu. Namba 3 hatagi kabisa, lakini vijana walipiga kura abaki kwa sababu ndiye anayetawala banda. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza mwaka 1921 jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana: kuna anayedonoa wote, kuna anayedonolewa na wote, na wengine wako katikati wanajua nafasi zao. Namba 3 akisogea kwenye chombo cha chakula wengine hupisha. Tulipomtoa kwa majaribio, kulikuwa na ugomvi wiki nzima.

Kuku wageni wanaingizwaje kwenye kundi?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, na kwetu kamba hiyo ni banda la pembeni kwa karibu mwezi. Kwanza tujue hakuja na ugonjwa, pili aonane na wenyeji kupitia wavu. Huingizwa usiku, wakiwa wamelala kwenye fito. Asubuhi watadonoana tu, lakini si kama ungewamwaga mchana.

Mayai yanakwenda wapi? Nitaletewa?

Hatutumi mayai kwa wafadhili. Huuzwa kwa trei kwa majirani, na kila kijana hubeba sehemu nyumbani siku ya zamu. Hatuyaoshi ovyo: yai linapotoka lina utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, ukiliosha kwa maji baridi unaalika vijidudu ndani. Yenye uchafu mwingi hatuuzi. Ukitaka kujua umri wa yai popote ulipo, litie kwenye maji. Jipya hulala chini ubavu, lililokaa husimama kwa ncha, la zamani sana huelea, kwa sababu kila siku maji kidogo hutoka ndani na hewa kuingia upande ule butu.

Naweza kuleta makombo ya jikoni?

Majani mabichi na maganda ya matunda, karibu. Usilete parachichi wala maganda yake, maharage makavu yasiyopikwa, viazi vilivyogeuka kijani, wala chakula chenye chumvi nyingi. Na tafadhali usilete mahindi yaliyoota ukungu kwa kusema "si ya kuku tu." Sumukuvu huharibu ini la kuku, na kiasi chake kinaweza kufika hadi kwenye yai. Gunia lenye ukungu tunalitupa hata kama tumelinunua jana.

Majirani hawalalamikii harufu?

Walilalamika mwaka wa kwanza, na walikuwa na haki. Harufu ile ya kuwasha macho ni amonia, nayo hutoka kwenye maranda yaliyolowa. Tulihamisha vyombo vya maji, tukaanza kugeuza maranda, ikatulia. Samadi haimwagwi bustanini ikiwa mbichi, maana ina nitrojeni nyingi ya kuunguza mizizi. Inachanganywa na majani makavu, inalundikwa hadi ipate joto la nyuzi 55 na kuendelea, inapinduliwa, inaiva. Yule kijana wa mboji huingiza fimbo ya chuma katikati ya lundo, anaichomoa na kuishika. Asipoweza kuishikilia, lundo linafanya kazi.

Naweza kuja kumwona?

Karibu, lakini tuarifu. Kama siku chache zilizopita umeingia kwenye banda jingine la kuku, ahirisha, kwa sababu viatu na nguo hubeba magonjwa. Mlangoni utakanyaga beseni la dawa, na ukitoka utanawa kwa sabuni, kwani hata kuku mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Watoto chini ya miaka mitano hutazama kupitia wavu, hawashiki.

Njoo asubuhi, wengi ndipo wanapotaga. Usimtarajie kuku akujue. Anamjua anayebeba ndoo.

Naweza kumpa jina, au kumfadhili kwa niaba ya mtu mwingine?

Zawadi, ndiyo, andika jina la unayemzawadia. Jina la kuku, ukipenda, litatajwa kwenye barua, lakini vijana watamwita kwa namba.

Nikishindwa kuendelea?

Tuambie tu. Hakuna faini, hakuna simu za kukufuata, na kuku hatafukuzwa.

Naanzaje?

Jaza fomu, chagua kuchangia kila mwezi au mara moja kwa mwaka, kisha subiri. Namba ya pete utapata ndani ya wiki moja. Barua ya kwanza huchelewa zaidi, kwa sababu kijana haruhusiwi kuandika kuhusu kuku ambaye hajamshika angalau wiki nne. Itakuja imeandikwa kwa mkono. Makosa ya tahajia hatuyasahihishi, na mara nyingine karatasi huwa na doa upande mmoja. Tumeshawaambia wanawe mikono kwanza.